Mwongozo Kamili wa Kulala Katika Hoteli ya Kifahari Iliyomo Ndani ya Jengo la Kihistoria

Hoteli ya Midland Grand ilipofunguliwa katika jiji la London mwaka 1873, juu ya kituo cha treni cha St Pancras, ilikuwa miongoni mwa hoteli za fahari kubwa za zama zake, lakini mabafu yake yalikuwa machache mno, na maji ya kuogea pamoja na vyombo vyake vilibebwa na watumishi kutoka chumba hadi chumba. Mwaka 1935 ilifungwa kwa kuwa vifaa vyake vilikuwa vimepitwa na wakati na gharama za kuiendesha zilikuwa zimepanda. Jengo lile lile lilirudi kupokea wageni mwaka 2011, baada ya ukarabati mkubwa. Ninaanza na kisa hiki kwa sababu kinaeleza kiini cha mwongozo huu: jengo la kale lilijengwa kwa ajili ya maisha ya namna nyingine, na kila kitu tunachokitarajia leo katika hoteli ya kifahari, kuanzia bafu la ndani hadi lifti, kiyoyozi na intaneti, kimepenyezwa baadaye katika kuta ambazo sheria mara nyingi haziruhusu zibomolewe.

Ndiyo maana katika hoteli za aina hii vyumba havifanani. Katika hoteli mpya chumba cha ghorofa ya nne na cha ghorofa ya tisa ni pacha, na ukikosa kimoja hukupoteza kitu. Katika jengo la kale, milango miwili iliyo ubavu kwa ubavu inaweza kukupeleka kwenye usiku mbili tofauti kabisa, ilhali bei ni moja. Mgeni anayelijua jambo hili mapema, akauliza maswali yanayofaa kabla ya kulipa, hupata starehe ambayo hoteli mpya haiwezi kumpa. Asiyelijua huishia kulala katika kona mbaya ya jengo zuri.

Hatua ya kwanza: fahamu jengo lilikuwa nini

Kabla ya kutazama bei, tafuta historia ya jengo lenyewe. Kasri la zamani huwa na kumbi pana na dari za juu, lakini vyumba vilivyokuwa vya watumishi navyo vimegeuzwa kuwa vya wageni. Benki ya zamani huwa na ukumbi wa marumaru uliokuwa wa wateja, ambao leo huwa mkahawa au mapokezi, na ofisi za ghorofa za juu ndizo zilizogawanywa kuwa vyumba vya kulala. Ofisi ya posta huwa na nafasi kubwa sana katikati, na matokeo yake ni kwamba baadhi ya vyumba hutazama ndani badala ya barabarani. Hoteli ya Fullerton ya Singapore ni mfano mzuri: jengo lilifunguliwa mwaka 1928 likiwa na Posta Kuu, likawa hoteli mwaka 2001, na hadi leo ina vyumba vinavyotazama ukumbi wa ndani na vingine vinavyotazama mto au bahari. Mtu anayependa utulivu anaweza kuvipenda vile vya ndani, lakini anayetaka kuamka na mwanga wa jua usoni atasikitika.

Swali lililo muhimu kuliko yote katika hatua hii ni kama hoteli ina mrengo mpya. Majengo mengi ya kihistoria yalikuwa madogo mno kuiendesha hoteli kwa faida, kwa hiyo wamiliki waliongeza jengo jipya pembeni au nyuma, na vyumba vingi vikawekwa huko. Hoteli ya Taj Mahal Palace ya Mumbai ilifunguliwa mwaka 1903, lakini mnara ulio kando yake ni wa miaka ya 1970. Hoteli ya Liberty ya Boston imo katika gereza lililofunguliwa mwaka 1851, likageuzwa kuwa hoteli mwaka 2007. Ukumbi wake wa katikati ni wa kustaajabisha, ilhali vyumba vingi viko katika mnara uliojengwa upya. London nako, katika jengo lile la St Pancras, vyumba vingi vimo katika mrengo ulioongezwa wakati wa ukarabati. Mrengo mpya si mbaya, na mara nyingi una mabafu makubwa na kelele kidogo, lakini mtu aliyelipia usiku ndani ya historia kisha akapewa ufunguo wa jengo la juzi ana haki ya kujiona amekosa alichokifuata. Jina la daraja la chumba halikwambii kiko mrengo gani, kwa hiyo uliza waziwazi.

Hatua ya pili: pima kina cha ukarabati

Neno "kihistoria" hutumiwa kwa uhuru mkubwa katika matangazo. Yapo majengo yaliyohifadhiwa kuanzia ngazi hadi vitasa, na yapo mengine ambayo ukuta wa mbele pekee ndio uliobakizwa, nyuma yake kukasimamishwa jengo jipya la zege. Kuzitofautisha si vigumu. Tazama picha za ngazi kuu, za korido na za milango ya vyumba, maana ukuta wa mbele hupigwa picha na kila mtu. Korido iliyonyooka kama rula, yenye dari ya chini na milango iliyopangana kwa umbali ulio sawa, kwa kawaida ni ya jengo jipya. Korido inayopinda, inayopanda vidato viwili na kushuka kimoja, ni ya kale kweli.

Tafuta pia mwaka wa ukarabati wa mwisho. Jengo la kale halikarabatiwi mara moja likaisha. Raffles ya Singapore, iliyofunguliwa mwaka 1887, ilifungwa mwaka 1989 na kufunguliwa tena 1991, kisha ikaingia katika ukarabati mwingine ulioanza 2017 na kumalizika 2019. Mabomba, nyaya za umeme na mitambo ya hewa huchakaa kabla ya kuta, na hoteli ambayo haijaguswa kwa miaka ishirini inaweza kuwa na nakshi safi na maji ya moto ya kubahatisha. Kwa upande mwingine, mimi huepuka wiki za mwanzo baada ya hoteli kufunguliwa upya, kwa kuwa mitambo mipya ndani ya kuta za zamani huhitaji muda wa kuzoeana, na wahudumu nao bado wanajifunza njia za jengo.

Hatua ya tatu: chagua chumba chenyewe

Hapa ndipo penye kazi, na ndipo ninapomsihi msomaji asiharakishe. Niliwahi kulipia chumba ambacho pichani kilikuwa na dirisha refu na dari yenye mapambo. Nilichopewa kilikuwa cha daraja lile lile, lakini kilikuwa chini ya paa kabisa: dari iliteremka kwa mshazari hadi usawa wa bega, dirisha dogo lilikuwa juu ya kichwa changu, na nyuma ya ukuta wa kitanda mtambo wa lifti ulinguruma kila mgeni alipopanda. Hakuna aliyenidanganya. Sikuuliza tu.

Kumbuka kwamba majengo mengi makubwa yalipangwa kabla lifti haijawa jambo la kawaida. Enzi hizo ghorofa ya heshima ilikuwa ile iliyo juu tu ya ile ya chini, kwa sababu hapakuwa na mtu wa hadhi aliyetaka kupanda ngazi nyingi. Huko ndiko ziliko dari za juu, madirisha marefu na mapambo. Ghorofa za juu kabisa zilikuwa za watumishi, na dari zake ni fupi. Kwa hiyo mazoea ya hoteli mpya, kwamba juu zaidi ni bora zaidi, hugeuka kichwa chini miguu juu katika jengo la kale. Ukitaka uzuri wa zamani, omba ghorofa za chini kidogo. Ukitaka mandhari ya mji na hujali dari, omba za juu.

Jambo la pili ni dirisha. Katika majengo yanayolindwa kisheria, madirisha ya asili mara nyingi hayaruhusiwi kubadilishwa, na mafundi huongeza fremu ya pili ya kioo kwa ndani ili kupunguza kelele. Ikifanywa vizuri, unaona kwa nje ule mbao wa zamani wenye kioo chenye mawimbi madogo, na kwa ndani kioo kinene kinachofungwa kwa kitasa. Ukivifunga vyote viwili, barabara inanyamaza. Pasipo na hiyo fremu ya pili, chumba kinachotazama njia kuu kitakuletea kila pikipiki kitandani. Uliza kama ipo, na uliza kama dirisha linafunguka, kwa sababu mengine yamefungwa daima.

Jambo la tatu ni majirani wa chumba: lifti, jiko, ukumbi wa sherehe, baa, mnara wa saa wenye kengele, na chumba cha mitambo. Jambo la nne ni bafu, ambalo katika vyumba vya kale huwa limeinuliwa kwa kidato kimoja ili mabomba yapite chini yake bila kuikata sakafu ya asili. Kidato hicho ni kidogo mchana, lakini usiku wa manane mtu aliyeamka na usingizi machoni anaweza kukikosa.

Anayetumia kiti cha magurudumu, au anayesafiri na mzee ambaye ngazi humchosha, asitosheke na jibu la "tuna lifti". Aulize lifti inafika ghorofa ya chumba au inaishia nusu ngazi, mlango wa chumba na wa bafu una upana wa sentimita ngapi, kama mlango mkuu wa kuingilia una ngazi, na kama kuna njia nyingine ya wageni isiyopita jikoni. Aombe picha za chumba atakachopewa hasa.

Maswali haya yote yaandikwe kwa barua pepe, kwa lugha fupi ya heshima. Mfano wake ni huu:

"Ndugu Meneja wa Uwekaji Nafasi, nimepanga kulala kwenu usiku mbili, na kilichonivutia ni historia ya jengo. Ningependa chumba kilichomo katika jengo la asili na si mrengo mpya, kwenye ghorofa yenye dari za juu, mbali na lifti na ukumbi wa sherehe. Naomba kujua kama madirisha yana kioo cha pili, kama kuna ngazi baada ya kutoka kwenye lifti, na kama siku hizo kutakuwa na harusi au ujenzi wowote. Iwapo mnaweza kunitajia namba ya chumba mnachokipendekeza, nitashukuru sana."

Majibu yenyewe yatakufundisha mengi. Hoteli inayolijua jengo lake hujibu kwa namba za vyumba na sababu zake, ilhali isiyolijua hukutumia maneno ya tangazo.

Hatua ya nne: weka nafasi na ulipie

Baada ya kupata jibu, ni vyema uweke nafasi moja kwa moja kwa hoteli, au angalau uwe na maandishi yao yanayokitaja chumba mlichokubaliana. Mitandao ya kuweka nafasi huuza daraja la chumba, haiuzi chumba chenyewe. Linganisha bei kamili, yaani pamoja na kodi, ada ya huduma na staftahi, na usome masharti ya kughairi hadi mwisho. Ufahamu pia kwamba hoteli nyingi za kifahari huzuia kiasi fulani cha fedha kwenye kadi yako wakati wa kuwasili kama dhamana ya matumizi ya ziada, na fedha hizo huweza kuchukua siku kadhaa kuachiliwa baada ya kuondoka. Anayesafiri kwa fedha za kuhesabu asitumie kadi hiyo hiyo kwa mahitaji yake mengine.

Hatua ya tano: fungasha kwa kulifikiria jengo

Chukua adapta inayofaa soketi za nchi unayokwenda na waya wa kuongezea umeme, kwa kuwa soketi katika kuta za zamani huwa chache na mara nyingi ziko mbali na kitanda. Ndala au viatu vya soli laini vitakusaidia wewe na aliye ghorofa ya chini, maana sakafu ya mbao hulia kwa kila hatua. Vizibo vya masikio havina uzito. Weka pia vazi moja la heshima, kwani baadhi ya kumbi za chakula katika hoteli hizi bado zina kanuni za mavazi, nazo ni kumbi ambazo hutaki kuzikosa.

Hatua ya sita: ukifika, usifungue sanduku

Hoteli nyingi hukabidhi vyumba kuanzia saa nane au saa tisa alasiri. Ukifika mapema, acha mizigo mapokezini na ulizunguke jengo. Ukishaonyeshwa chumba, mshukuru aliyekuleta, funga mlango, na utumie dakika kumi kukijaribu kabla hujatoa hata shati moja.

Fungua maji ya moto na uone yanachukua muda gani kufika. Washa kiyoyozi na usubiri, kwa kuwa kelele zake huja baada ya dakika chache. Fungua na ufunge dirisha, lakini kwa upole, na likigoma mwite mhudumu badala ya kulisukuma, maana vitasa vya zamani havina vipuri. Jaribu intaneti ukiwa kitandani hasa, kwa sababu kuta nene za mawe huizuia, na inayofanya kazi mlangoni inaweza kufa hatua sita mbele. Kisha zima taa zote, keti kitandani na usikilize. Mlio wa lifti, wa bomba au wa feni ya jiko utausikia sasa, wakati bado unaweza kuhamishwa.

Toka koridoni na uhesabu milango kati ya chumba chako na ngazi za dharura. Jambo hili lina uzito mkubwa zaidi katika jengo la kale kuliko jipya, kwani korido hupinda na ngazi ya fahari uliyopandia huenda isiwe ndiyo njia ya kutokea wakati wa moto. Tembea njia hiyo mara moja kwa miguu.

Ikiwa kuna kasoro, rudi mapokezini mara moja ukiwa na neno moja mahususi. "Sikipendi chumba" ni kauli isiyomsaidia mhudumu. "Mtambo wa lifti unasikika kitandani, naomba chumba cha upande wa ua wa ndani" inampa kazi anayoweza kuifanya. Sema kwa adabu, kwani anayekusikiliza hakulijenga jengo hilo.

Hatua ya saba: litunze unalolitumia

Kuwa mgeni katika jengo la namna hii ni kuwa mmoja wa walinzi wake kwa muda mfupi, na ninalisema hili kwa dhati. Usibandike kitu ukutani, na usiburute sanduku juu ya mbao, liinue. Taulo lililoloa lisitundikwe kwenye kiti cha mbao wala kwenye mlango uliopakwa vanishi. Marumaru huonekana ngumu kuliko kitu chochote chumbani, lakini tindikali ya limau, ya siki au ya divai huila na kuacha doa lisilosuguliwa likatoka. Weka kitambaa chini ya glasi. Usiwashe mshumaa, udi wala kitu chochote cha moto, kwa kuwa ndani ya dari za zamani kuna mbao zilizokauka kwa miaka mingi sana.

Hatua ya nane: lione jengo lenyewe

Amka mapema siku moja, saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya kumbi kujaa, na ushuke kwa ngazi kuu badala ya lifti. Tazama vidato vyake: katikati vimelika kidogo, kama bakuli lisilo na kina, mahali nyayo za watu zilipokanyaga kizazi baada ya kizazi, ilhali pembeni jiwe bado lina makali yake. Shika mhimili wa kando na uhisi jinsi ulivyolainika.

Kisha tafuta mshono kati ya cha kale na kipya. Mkataba wa Venice wa mwaka 1964, ambao umekuwa mwongozo wa wahifadhi wa majengo duniani, unataka sehemu zilizoongezwa kufidia zilizopotea zipatane na jengo zima, lakini wakati huo huo ziweze kutofautishwa na za asili, ili ukarabati usiwadanganye watu kuhusu historia. Ukilijua hilo, macho yanafunguka. Utaona kigae kilicho na rangi iliyopoa kidogo kuliko cha jirani yake, au nakshi ya dari ambayo nusu yake ina maua kamili na nusu imeachwa tupu. Zamani nilidhani sehemu tupu kama hizo ni kazi iliyoachwa njiani, kumbe ni uaminifu wa fundi.

Uliza mapokezini kama kuna ziara ya jengo kwa wageni, kwa kuwa hoteli nyingi za aina hii huwa nayo na wageni wengi huondoka bila kuijua. Kama haipo, muulize bawabu au mhudumu aliyekaa miaka mingi. Mimi huuliza swali moja tu: "Hapa nilipo palikuwa nini?" Nimewahi kuonyeshwa mlango wa chuma wa hazina uliokuwa nyuma ya meza ya staftahi, nami nilikuwa nimekaa hapo siku mbili nikidhani ni pambo.

Hatua ya tisa: huduma, bakshishi na kuondoka

Kuhusu bakshishi, fuata desturi ya nchi uliyomo, na kwanza tazama kama ada ya huduma tayari imo kwenye hesabu. Msafisha chumba husahaulika mara nyingi, ilhali ndiye anayebeba mzigo mkubwa katika jengo lenye ngazi za nyuma nyembamba na samani zisizosogezwa ovyo.

Usiku wa mwisho omba hesabu yako na uisome mstari kwa mstari, kwani kusahihisha kosa usiku ni rahisi kuliko asubuhi yenye foleni. Uliza fedha zilizozuiwa kwenye kadi zitaachiliwa lini. Uliza pia unaweza kuacha mizigo hadi saa ngapi.

Kabla ya kuurudisha ufunguo, iandike namba ya chumba mahali ambapo hutaipoteza, pamoja na maneno machache: kinatazama upande gani, jua huingia saa ngapi, sakafu hulia wapi, na kipi cha jirani ulichokiona mlango wake ukiwa wazi kikakuvutia zaidi. Ukirudi miaka mitatu baadaye, uombe kwa namba hiyo.